Mapambo ya Halloween kwa Vifuu, Makumbi na Ndara: Mwongozo kwa Wazazi wa Malindi

Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, na hapa Malindi unatukuta watoto wakiwa nyumbani. Miaka hii shule zinafungwa mwishoni mwa Oktoba, na mtoto akipita upande wa Casuarina au Silversands akaona boga lenye macho limewekwa kwenye lango la hoteli, akirudi nyumbani anataka na lake. Msimkatalie, lakini msimnunulie lile la plastiki pia. Kaeni naye barazani mtengeneze pamoja, kwa vitu ambavyo mkiamka asubuhi mnavipata uani au ufukweni.

Sababu yangu kubwa si pesa. Watoto wa pwani wanalala wakiwa wamesikia habari za majini, za mashetani ya mbuyuni, za bundi aliyelia juu ya paa. Kitu cha kutisha kilichonunuliwa kikatundikwa ukutani kinaongeza hofu juu ya hofu. Lakini zimwi ambalo mtoto amelisugua kichwa mwenyewe, akalitia meno moja moja, akalipa jina, hilo haliwezi kumtisha usiku. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hapa mtoto ndiye anayelijua zimwi.

Mtoto akiuliza desturi hii imetoka wapi, mwelezeni kwa kifupi. Ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ambayo Wakristo wa magharibi huiadhimisha tarehe 1 Novemba, na mizizi yake inafika kwa Waselti wa kale wa Ireland na Scotland, waliokuwa na sikukuu ya mwisho wa mavuno. Waairishi walikuwa wakichonga sura kwenye mboga ya mzizi iitwayo tanipu na kutia mwanga ndani. Walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19 walikuta maboga, ambayo ni makubwa na rahisi kukomba, wakahamia huko. Kwa hiyo hata wenyewe walitumia kilichokuwa shambani. Majirani zetu Wataliano wao huitukuza zaidi tarehe 1, na tarehe 2 huwakumbuka marehemu wao.

Mambo ya kuepuka kabla hamjashika mkasi

Moto ndio wa kwanza. Nyumba zetu nyingi na karibu kila banda la hoteli limeezekwa makuti, na makuti makavu hayasubiri mtu aite maji. Katika mwongozo huu hamna mshumaa unaowashwa wala kibatari. Taa zote ni za betri au sola. Mkinunua zile taa ndogo zinazoigiza mshumaa, angalieni betri yake. Nyingi zinatumia betri ndogo za saa, na mtoto akimeza moja inaweza kumchoma koo ndani ya saa chache. Kifuniko kiwe na skrubu, au mkifunge kwa gundi ya utepe mizunguko kadhaa. Mtoto akishukiwa kumeza, ni hospitali moja kwa moja, bila kungoja dalili.

La pili ni shuka jeupe. Katika picha za nje mzuka hutengenezwa kwa shuka jeupe lililoning'inizwa. Kwetu kitambaa cheupe cha namna hiyo ni sanda, na jirani aliyefiwa mwezi uliopita hatakiwi kufungua dirisha akakutana nacho. Tumieni leso kuukuu zenye rangi. Wala msitumie chandarua cha zamani, kwa sababu kimetiwa dawa ya kuua mbu na watoto watakijaribu vichwani.

Makaburi ya mchezo pia siyapendi. Mji huu una makaburi ya nguzo ya kale kando ya bahari, na ndugu zetu Wagiriama wana vigango, zile nguzo za kuchongwa zinazosimamishwa kuwakumbuka wazee wa Gohu, chama chao cha wazee wenye heshima. Vigango vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo, na baadhi tu vimerudishwa Kenya kutoka makumbusho ya Marekani baada ya miaka mingi. Mtoto asifundishwe kuviiga kwa maboksi. Mpelekeni kwenye magofu ya Gede au kwenye makumbusho ajifunze vilivyo, siku nyingine.

Halafu kuna jirani asiyetaka habari hii kabisa kwa sababu ya dini yake. Ana haki. Pambeni ndani ya baraza lenu, msitundike kitu upande wake, na watoto wenu wasibishe hodi kwake usiku huo.

Gundi na rangi za jikoni

Gundi ya karatasi haina haja ya duka. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano na nusu kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe. Chemsha vikombe viwili vya maji, mimina ule uji ndani huku ukikoroga, uache uchemke dakika mbili tatu mpaka uwe mzito. Tia kijiko cha chai cha chumvi ili usichache upesi, ipua, uache upoe. Unakaa siku tatu hivi ukifunikwa. Uweke mbali na mende, wanaupenda.

Rangi nyeusi ni masizi. Kwangua sufuria ya kuni, saga yawe laini, changanya na vijiko viwili vya ile gundi.

Rangi ya njano ni bizari ya manjano, na hapa nawaomba msiwe na haraka. Tieni kijiko kimoja cha bizari katika nusu kikombe cha maji moto, mpakeni karatasi nyeupe kwa brashi au kipande cha makumbi, iwe njano tupu. Kisha yeyusheni kijipande cha magadi katika maji kidogo kwenye kikombe kingine. Mwambieni mtoto achovye kidole kwenye maji ya magadi achore juu ya ile njano. Pale pale mstari unageuka mwekundu wa kutu, mbele ya macho yake. Akikamulia tone la ndimu juu yake, wekundu unarudi kuwa njano. Bizari ina kitu kinachobadilika rangi kikikutana na magadi au na ukali wa ndimu, basi. Mtoto wa miaka mitano ataweza kuchora macho mekundu ya zimwi bila kununua rangi hata moja, na huenda mkakaa hapo saa nzima. Mvalisheni nguo ambayo hamuihitaji, kwa maana doa la bizari halitoki. Na karatasi hizo zisikae juani, rangi hufifia.

Zimwi la kifuu

Hili ndilo pambo kubwa, na linahitaji siku tatu kwa sababu ya kukauka. Anzeni tarehe 28.

1. Mkikuna nazi siku hiyo, wekeni kando ule upande wa kifuu wenye matundu matatu. Huo ndio uso. Matundu mawili ni macho na la tatu ni mdomo, hamna kuchonga. Ule upande mwingine ni kisogo.

2. Kombeni mabaki yote ya nazi kwa kijiko. Yakibaki, kesho mtakuta sisimizi wamehamia. Osheni kwa maji ya moto na sabuni, anikeni juani mpaka kifuu kikauke kabisa.

3. Sugueni nje kwa msasa. Kazi hii ni ya watoto na wanaipenda, kifuu kinapoanza kung'aa. Mkubwa atoboe matundu kwa msumari na nyundo: moja ni laini na linapenya lenyewe, hayo mengine mawili ni magumu, wekeni kifuu juu ya gunia lililokunjwa kisiteleze.

4. Lowekeni makumbi usiku kucha. Asubuhi yapondeni kwa mchi mpaka nyuzi ziachane, chambueni, zianikeni. Wenye kusokota kamba huyafukia makumbi kwenye matope ya pwani kwa miezi, lakini kwa nywele za zimwi usiku mmoja unatosha.

5. Bandikeni nywele kwa gundi ya mbao kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Gundi ya unga haishiki kwenye kifuu. Kwa meno tumieni mbegu za boga zilizokaushwa, zikae zimepandana bila mpangilio. Mtoto akitaka meno ishirini, atie ishirini.

6. Funganisheni fito mbili msalaba kwa kamba, moja ya urefu wa mtoto, nyingine ya upana wa mikono yake. Pachikeni kichwa juu: mkubwa atoboe vitobo viwili pembeni mwa kifuu, vipitishwe kamba na kufungwa kwenye ufito. Vifuu viwili vikiunganishwa kichwa kinakuwa kamili, lakini kimoja tu nacho kinapendeza kikiegemezwa ukutani.

7. Mvisheni leso. Ikiwa na jina, yaani yale maandishi ya chini, iacheni yaonekane. Zimwi lenye methali kifuani lina adabu kuliko lisilo nayo.

8. Mtoto alipe jina na aeleze linakula nini. Andikeni mtakayoyasikia.

Lisimamisheni chini, mtoto aweze kulishika. Zimwi lililotundikwa juu darini linarudi kuwa la kutisha.

Taa ya kopo

Chukueni kopo la maziwa ya unga au la nyanya, mtoe karatasi yake, mshindilie mchanga wa pwani uliolowa mpaka juu. Wenye friji watie maji wayagandishe. Bila kitu ndani, msumari utalibonyeza kopo badala ya kulitoboa. Mtoto achore uso kwa kalamu ya wino mzito, kisha atie vidoti kwenye mistari, kila kidoti mbali na mwenzake kwa upana wa kidole. Mkubwa atoboe kwa msumari na nyundo, kopo likiwa limelazwa juu ya taulo. Mtoto wa miaka tisa kwenda juu anaweza kupiga nyundo mkubwa akishika msumari kwa koleo, si kwa vidole.

Mwageni mchanga, suuzeni kwa maji baridi kwa sababu chumvi italitia kutu kabla hata ya siku yenyewe, kausheni. Kingo za juu ni kali, zizungushieni utepe. Ndani wekeni tochi ndogo au taa ya sola iliyokwishachajiwa mchana. Mkiviringisha karatasi ya bizari ndani ya kopo, mwanga utatoka wa rangi ya chungwa. Katika mapambo yote hili ndilo linalopendeza zaidi giza likiingia, na linaweza kutumika mwaka mzima umeme ukikatika.

Popo, utando na ndara

Popo ni rahisi. Kunjeni karatasi mara moja katikati, choreni nusu ya popo upande wa mkunjo: nusu ya kichwa na sikio moja, kisha bawa lenye nundu tatu chini. Kateni, fungueni, pakeni masizi. Mtundikeni kichwa chini, ndivyo alalavyo. Huku mkikata, mwelezeni mtoto kwamba maua ya mbuyu hufunguka usiku, na popo wala matunda ndio wanaoyachavusha wanapokuja kunywa maji yake matamu. Mabuyu anayoyapenda yana mkono wa popo ndani yake.

Hewa ya bahari usiku hulegeza karatasi, mabawa yakaanguka. Sugueni karatasi pande zote mbili kwa mshumaa mkavu, usiowashwa, baada ya rangi kukauka. Nta kidogo inatosha kuzuia unyevu mpaka asubuhi.

Utando wa buibui: chomoeni njukuti tatu kwenye fagio, zifungeni katikati ziwe nyota ya ncha sita, zungusheni uzi kutoka katikati kwenda nje, kila mkifika njukuti mkiuzungusha mara moja. Buibui mwenyewe ni fundo la makumbi lenye vipande vinane vya njukuti.

Ndara ndizo zinazonipendeza kwa sababu nyingine. Ufukwe wetu hauishi ndara zilizotupwa na bahari, na wenzetu wa Lamu walionyesha kinachowezekana walipojenga jahazi zima la plastiki iliyookotwa, Flipflopi, lililofunikwa ndara za rangi na kushushwa majini mwaka 2018. Nendeni na watoto asubuhi maji yakiwa yamekupwa, wamevaa viatu, wakubwa ndio waokote chochote chenye ncha. Makombe yaacheni. Hifadhi ya bahari ya Malindi imelindwa tangu 1968 na kuchukua kombe humo ni kosa. Nyumbani osheni ndara kwa sabuni, mkubwa azikate kwa kisu kikali juu ya ubao: macho ya mviringo, popo, bundi, paka. Watoto wazitoboe kwa msumari na kuzitunga kwenye kamba, macho manjano, buluu na mekundu, kamba ndefu ya kuzungusha baraza. Mvua ikinyesha haziharibiki, na mwisho wa Oktoba vuli inaweza kushuka wakati wowote.

Boga, au afadhali papai

Boga letu la sokoni ngozi yake ni ngumu na kisu kinateleza. Mimi naona boga lipikwe. Watoto walichoree uso kwa masizi juu ya ganda, likae mezani siku mbili, kisha lioshwe, limenywe na kupikwa kwa tui, sukari na iliki. Mbegu tayari ni meno ya zimwi.

Kama lazima kichongwe kitu, chukueni papai kubwa lililoanza tu kuiva. Kateni kichwa, kombeni mbegu, mtoto anaweza kutoboa macho kwa kijiko chembamba. Papai bichi kabisa lina utomvu unaowasha ngozi na macho, kwa hiyo lisitumike, na hata hili la kuanza kuiva mpakeni mtoto mafuta ya nazi mikononi kwanza. Lichongwe jioni ile ile. Kwa joto la hapa siku ya pili linalegea na nzi wanalijaa.

Usiku wenyewe

Jua linazama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Tundikeni karatasi saa kumi na moja, taa ziwashwe magharibi, na ikiwa nyumba yenu au ya jirani ni ya kuswali, ngojeni watu watoke msikitini ndipo kelele zianze.

Watoto wetu wanajua kuzunguka nyumba kwa nyumba, kila Idi wanafanya hivyo wakitafuta sikukuu yao. Kwa Halloween zungumzeni mapema na majirani wachache wanaopenda, watatu wanatosha, na mkubwa aandamane nao kwa sababu ya bodaboda na tuktuk gizani. Wabishe hodi, wamwamkie mwenye nyumba shikamoo, kisha wamtegee kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Kila niendapo ananifuata." Mama wa nyumba akijibu kivuli, watege kingine: "Kuku wangu katagia mwibani." Asipolitambua nanasi, badala ya kuombwa mji atoe kashata au mabuyu. Majirani wengine watajifanya hawajui ili watoto wapate, na watoto watakwenda kuvitafuta vitendawili vipya kwa bibi zao wiki nzima kabla ya siku hiyo.

Wakirudi, wakae mbele ya zimwi na kila mmoja atoe hadithi. Paukwa, pakawa. Wadogo waanze, maana watasinzia.

Kuvua mapambo

Siku ya pili asubuhi karatasi na makumbi yaliyochakaa yapelekeni jikoni, yanawasha jiko vizuri. Vifuu vyenye gundi ya mbao msivichome, vifuteni vumbi mviweke ndani ya gunia pamoja na leso. Kamba ya ndara ioshwe kwa maji ya bomba, ikauke kivulini, iviringishwe kwenye ufito isijifunge mafundo. Taa zote zitolewe betri kabla ya kuwekwa kabatini, kwa sababu hewa yetu ya chumvi ikikutana na betri inayovuja, mwaka ujao mtakuta vyuma vya ndani vimeliwa na kutu.